Pindo la Piano

Jumamosi, 28 Machi 1998

Daftari hili nimepewa bure na mwanamke wa duka la vifaa vya skuli kule barabara ya Yide Lu, baada ya kumshusha bei mpaka akaomba maji ya kunywa. Lina jalada jekundu na tarehe zimekwisha pigwa chapa kila ukurasa, kwa hiyo kazi yangu ni kujaza maneno tu, na maneno ninayo. Mimi ni Maulid wa Mwembetanga, Unguja. Niliacha skuli darasa la tano. Si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alikuja kumwambia baba kuwa hana tena la kunifundisha.

Naanza na habari za hapa. Hoteli yetu ya mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, Uchina, inatoka jasho. Kuta zinatiririka maji, kioo hakikuoneshi uso, na shati nililofua Jumatano bado bichi. Mvua yenyewe haijaanza. Wenyeji wanasema hivi ndivyo inavyobisha hodi.

Nimekuja kuchapisha kanga. Niko na Muzdalifa, binti wa kaka yangu Abass, aliyeletwa anisaidie Kichina. Asubuhi anasoma chuoni, mchana tunazunguka. Ana mkono wa hina ambao mabibi harusi wa kwetu waliugombania kwa kusukumana. Hilo nimelishuhudia, na mmoja alivunjika jino.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua.

Alhamisi, 2 Aprili

Muzdalifa kanionesha karatasi. "Ami, hii nimechora mwenyewe." Kanga. Pindo lake maua mekundu ya msufi, hii misufi iliyochanua barabarani bila jani hata moja.

Nikamkalisha chini nikamfunza. Kanga, mwanangu, haibuniwi, inakumbukwa. Unachukua iliyouzika mwaka jana, unampelekea bosi wa kiwanda, anaitoa kama ilivyo: pindo lake, mji wake katikati, jina lake chini ya mji. Mwanamke wa Darajani anataka ile aliyoiona kwa jirani, si aliyoiota msichana wa Guangzhou.

Akasema, "Na ile ya kwanza kabisa, ami, jirani aliiona wapi?"

Nilimwambia anyamaze. Swali lilikuwa la kijinga.

Jioni Abass kapiga simu mapokezi. Kazi ya ukarani bandarini imepatikana, Muzdalifa aanze Julai. "Kama huko ana kazi yake mwenyewe nioneshe," Abass alisema. "Kama ni kukubebea mkoba wewe, arudi." Nimemkatia tiketi ya mwisho wa Juni. Muzdalifa alisikia yote, maana Abass kwenye simu hupiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bahari kwa mdomo mtupu.

"Nipe kanga moja tu, ami," aliniambia ngazini. "Moja yangu. Watu wakiinunua, baba atanielewa."

Nilimwambia tutaona. Maana yake hapana, na anajua.

Jumanne, 7 Aprili

Idd. Tumeswali msikiti wa zamani, nao Wachina Waislamu walinipisha safu ya mbele, sijui waliambiwa na nani mimi ni nani. Baadaye tukaenda kula mgahawa wa mikate ya ufuta na kondoo, mimi, Muzdalifa na Eliakimu. Eliakimu ni Msukuma wa Mwanza, ananunua jinzi za marobota pale soko la Zhanqian. Si Mwislamu, lakini pilau ya Idd haijawahi kumpita.

Mara akaingia bibi mmoja mrefu, mweusi kama sisi, kofia ya zambarau imekaa upande, glavu mkononi, katika mgahawa ambao kondoo anachunwa mlangoni. Watu wote wakageuka.

"Mhaya huyo," akasema Eliakimu. "Tazama maringo."

"Mngazija," nikamwambia. "Mimi Wangazija nawajua kwa wanavyoshika kikombe."

Nikamwendea. "Shikamoo bibi, Idd mubarak, karibu kwetu." Akatabasamu, akanijibu Kiingereza cha puani, hata neno sikulishika. Muzdalifa akaja nyuma yangu akazungumza naye kama shoga yake. Kumbe ni Mmarekani, anaitwa Bi Odessa, mwalimu mstaafu, anafundisha Kiingereza chuo hicho hicho anachosoma Muzdalifa.

"Ulikuwa unamjua! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa bado unaeleza vikombe, ami."

Eliakimu alicheka mpaka pilau ikamtoka puani. Bi Odessa tukamkaribisha mezani kwetu, na yeye katukaribisha kwake Jumapili.

Jumapili, 12 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Bi Odessa anakaa chumba cha walimu, ghorofa ya juu. Alipika kuku, kwao ni Pasaka. Baada ya kula akanitolea picha moja kwenye fremu ya mbao, kaifuta kwa kitambaa kwanza, na mimi nikafuta mikono kabla ya kuipokea.

Chumba kimejaa watu. Wanaume wamevaa suti, mkunjo wa suruali unaweza kukata embe. Wanawake magauni yanang'aa, mabega wazi, manyoya shingoni. Na katikati, kwenye kinanda, kile kikubwa wanachokiita piano, msichana mwenye lulu kageuza shingo anatutazama, vidole bado viko kazini. Wote weusi. Wote, mpaka yule aliyesinzia pembeni na kofia usoni.

Nikauliza, "Hawa ni wafalme wa nchi gani?"

Muzdalifa akatafsiri. Bi Odessa akacheka akafuta macho. Huyu mpishi, akasema. Huyu dobi. Hawa wawili wapagazi wa treni. Huyu na huyu waliandika vitabu. Yule aliyelala alikuwa mchoraji. Na wa kwenye piano ni mama yake, Lucinda, mchana akifua shuka za watu. Mtaa wao ukiitwa Harlem, New York, mwaka wa ishirini na sita.

Basi akanieleza. Babu yake alichuma pamba isiyokuwa yake, kusini kwa nchi ile, na wazazi wa babu walikuwa watu wa kuuzwa. Kuuzwa, kama mbuzi. Watoto wao wakapanda treni kwenda kaskazini, treni baada ya treni, wakajazana mtaa mmoja, na humo, badala ya kukaa kitako waomboleze, wakaanza kuandika, kuchora, kuimba, kutoa magazeti yao wenyewe, kubishana kwenye ngazi za milango yao kuhusu mtu mweusi ni nani na aseme nini. Mtaa mmoja! Kodi ikikaribia na mfukoni hamna kitu, watu wanatia taa ya rangi, wanamwita mpiga kinanda, wageni wanalipa mlangoni wanacheza mpaka ukuta unatikisika, na chakula ni samaki wa kukaanga na miguu ya nguruwe. Hapo nilimwambia Muzdalifa asitafsiri.

Mimi si mtu wa kustaajabu. Nimeona mengi, Bangkok nilimwona mtu amemeza redio. Lakini nilishika picha ile sikuweza kuirudisha. Miaka yote nimepita Mkunazini, pale walipouzwa watu wa kwetu, na kapu langu la samaki, na shingo sikuigeuza. Haikunijia hata siku moja kuuliza waliopelekwa upande mwingine wa dunia walifika wapi. Wamefika hapa. Mjukuu wao kakaa kwenye piano na lulu shingoni, ananitazama mimi.

"Muulize," nikamwambia Muzdalifa, "kwa nini wamevaa hivi kwa picha ya chumbani tu?"

Bi Odessa akagusa ukingo wa fremu kwa kidole. Kisha akasema, na Muzdalifa akatafsiri polepole: "Ili siku moja mtu kama wewe aione, ajue kwamba tulikuwepo. Na kwamba tulipendeza."

Nikamwambia na sisi babu yangu alipiga udi kwenye kilabu cha tarabu mpaka farasi wa Sultani akatoa machozi. Alinisikiliza kwa heshima sana. Niliona lazima na sisi tuweke kitu mezani.

Jumanne, 14 Aprili

Nimewahadithia Xiaobei nzima. Kwenye mgahawa walikaa Wakongo na Wamali kunisikiliza.

"Mpemba," akasema Eliakimu, "juzi hicho kinanda kilikuwa saizi ya meza. Leo basi la abiria. Punguza chumvi, kesho kitahitaji bandari."

"Mimi si Mpemba. Na picha uliiona wewe?"

"Sikuiona."

"Basi kula."

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Viatu vimeota ukungu.

Jumapili, 26 Aprili

Kwa Bi Odessa tena. Alitutolea gazeti la zamani la Harlem, karatasi imekuwa rangi ya chai. Ndani mna michoro ya watu kama vivuli, weusi tititi, hawana macho wala pua, na kutoka katikati yao mwanga unatoka duara ndani ya duara, kama umetupa jiwe kisimani. Muzdalifa aliinama pale mpaka nikamwambia atalowesha gazeti la watu kwa pumzi.

"Ami, hawana nyuso."

"Naona."

"Hata mwanamke anayeswali na kanga angeweza kuivaa. Ukiwatoa watu, ukabakisha duara."

Sikuelewa anasema nini, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kisha Bi Odessa akanieleza jambo ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Kulikuwa na kilabu mama yake akipiga piano kila Ijumaa. Watu weupe wanakuja na magari kutoka upande wa pili wa jiji kumsikiliza. Na yeye Lucinda, akimaliza, haruhusiwi kukaa meza hata moja ya ukumbi ule. Anatokea jikoni. Na mara moja walimwita kupiga kwenye santuri. Santuri ikatoka, ikauzwa, ikachezwa mpaka vijiji vya mbali. Kwenye duara la katikati pameandikwa jina la mwimbaji, na jina la kampuni, na jina la mwenye kampuni. La Lucinda hakuna.

"Mama alikuwa anaiweka santuri," Muzdalifa akatafsiri, "halafu anasema, huyu ni mimi, huyu ni mimi, anaonesha kwa kidole hewani."

Nilisimama nikaenda dirishani. Nilitaka kumpiga mtu na wote walikwisha kufa.

Ijumaa, 1 Mei

Maduka yamefungwa, sikukuu ya wafanyakazi. Muzdalifa anachora tangu asubuhi, hataki kula.

Jumamosi, 2 Mei

Kaleta karatasi nyingine. Karatasi nene, nzuri, sijui kaipata wapi. Pindo lote la kanga ni vibao vya piano, cheupe, cheusi, cheupe, vinazunguka pande nne. Mji ni ngazi za nyumba na mlango ulio wazi. Basi. Hakuna mtu, hakuna ua, hakuna ile korosho ya kila kanga.

Nilikuwa na gilasi ya chai mkononi na nilikuwa namweleza kwa nini haitawezekana. Vibao vya piano nani anavijua Makunduchi? Mwanamke atadhani ni meno. Na mlango wazi bila mtu, wataogopa mashetani. Nikaitua gilasi nipate kuhesabu sababu kwa vidole.

"Ami!"

Niliitua juu ya karatasi. Duara la chai, la rangi ya hudhurungi, katikati ya mlango kabisa.

Nikamwambia ni karatasi tu. Aliichukua akaiweka juu ya kabati. Afadhali angepiga kelele kama baba yake.

Jumatatu, 4 Mei

Niliiona tena ile karatasi mezani. Juu ya doa langu kaongeza duara, na nje yake duara, na jingine, zinatoka mlangoni zinashuka ngazi zinakwenda kugonga vibao vya piano. Kaangalia doa mpaka kalipatia kazi. Niliona ni mchezo wa mtu mwenye hasira.

Jumanne, 5 Mei

Leo kiwandani kwa Bosi Liang, nje ya mji, njia nzima mvua inapiga basi kama inatudai. Muzdalifa alikuwa darasani. Nilikuwa na sampuli yangu, kanga ya mwaka jana, ile ya maembe, ambayo kila laoban, yaani bosi, mwenye akili angeinakili macho yamefungwa. Isilowe, niliifunga kwa karatasi nene niliyoiona mezani, nikatia kwenye mfuko.

Bosi Liang ni mtu mfupi mwenye kalamu kila mfuko. Kiwanda chake kina desturi moja: unachompa ndicho anachokitoa. Mwaka jana mfanyabiashara wa Lomé, Togo, alimpelekea sampuli ya shati yenye kiraka. Akapokea kontena zima la mashati yenye kiraka, kila moja, mahali pale pale, kimeshonwa vizuri. Nilimkabidhi mfuko. "Kama hii," nikamwambia. "Hao, hao," akasema, yaani sawa. Akanipa chai.

Jumatano, 6 Mei

Muzdalifa anatafuta karatasi yake. Katafuta chini ya vitanda, katafuta kwa mfagiaji. Akaniuliza. Nikamwambia hapa hotelini vitu hupotea, mimi mwenyewe nimepotelewa na soksi.

Ijumaa, 8 Mei

Hazungumzi. Ananitafsiria bei, basi. Muuzaji akicheka, yeye hacheki.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua. Hazungumzi.

Jumamosi, 16 Mei

Kafungua begi lake la safari kaanza kukunja nguo, na bado Juni haijafika. Nikamwambia mapema mno. Akasema, "Zinachukua nafasi tu, ami." Alikunja hata kanzu ya Idd. Nilitoka nikaenda kutembea kwenye mvua bila mwavuli, na watu walinitazama.

Alhamisi, 21 Mei

Yarabi.

Bosi Liang kaja mwenyewe hotelini, kaloa, na bahasha ya plastiki. Ndani mna kanga ya majaribio, doti nzima, ili niikubali ndipo wachape kontena. Akaitandaza kitandani.

Nilitafuta maembe. Hakuna embe.

Vibao vya piano, cheupe, cheusi, cheupe, vinazunguka kitambaa chote, vimekaa sawa kama vimepimwa na uzi. Ngazi. Mlango. Na mlangoni pale duara la gilasi yangu, rangi ile ile ya chai, hata mahali palipokatika kidogo kwa sababu kitako cha gilasi kilikuwa na pengo. Na kutoka hapo duara nyingine zinatanuka, zinatanuka, mpaka pindoni. Wallahi kitambaa kile kilikuwa kinasikika. Nimesimama chumba cha hoteli cha Xiaobei, mvua nje, na nikasikia Lucinda anapiga.

Liang akatoa na ile karatasi na kanga yangu ya maembe, akanieleza kwa vidole na Kiingereza cha dukani. Karatasi ndiyo mchoro, alisema. Kanga ya maembe ndiyo kipimo cha uzito wa kitambaa. Mfuko mmoja, oda moja. Sasa yeye ana wasiwasi na jambo moja tu: rangi hii ya nne, hudhurungi. Aliwapa mafundi wake kazi mpaka waipate. Wangeitoa ingekuwa rahisi. Lakini kwenye sampuli ipo.

Muzdalifa akaingia kutoka darasani, mwavuli unatiririka. Akaona. Mwavuli ukaanguka.

"Ami, ulisema imepotea."

"Ingepotea ingefikaje kiwandani?" nikasema. "Nilitaka uione ikiwa tayari."

Alinitazama, akatazama karatasi ya mchoro iliyojaa mikunjo ya kufungia kitu cha pembe nne, akatazama kanga yangu ya maembe mkononi mwa Liang. Anajua kufikiri huyu mtoto. Akaanza kucheka. Hajacheka tangu mwanzo wa mwezi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akavuta ncha ya kanga akajifunika uso, na alichokuwa anafanya humo ndani si kucheka.

Bosi Liang anataka jibu Jumatatu. Maembe au piano. Kontena ni moja na mtaji wangu wote uko humo.

Ijumaa, 22 Mei

Niliianika dirishani, kama mtu anayekausha tu. Mama mmoja wa Kikongo, mnunuzi wa vitenge, alisimama chini na mvua yote ile. "Hiyo ya nani? Bei gani?" Nikamwambia haiuzwi bado. Akasema, "Basi iondoe, usitutese." Baada yake wakasimama Wangazija wawili. Safari hii kweli Wangazija.

Eliakimu alikuja akaitazama, akavua kofia. "Mpemba," akasema, "hii hujatia chumvi."

Jumapili, 24 Mei

Tumeipeleka kwa Bi Odessa. Muzdalifa hakumweleza kitu, alimfunga tu, moja kiunoni, moja mabegani, kama tunavyomfunga mgeni anayeheshimiwa. Bi Odessa akajitazama kwenye kioo. Akaanza kugusa pindo kwa vidole, kidole baada ya kidole, kushoto kwenda kulia. Nikadhani anakagua rangi. Kumbe anapiga. Mtu mzima kasimama na kanga, anapiga pindo, midomo inahesabu.

Kisha akaenda kwenye picha ya mama yake akasimama mbele yake wima, kama anakaguliwa kabla ya kutoka.

Mimi nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha. Muzdalifa aliniuliza baadaye kama naumwa.

Ngazini nikamwambia, "Jina la kanga tushapata. Bi Odessa kasema mwenyewe ile siku ya kuku."

"Lipi, ami?"

"TULIKUWEPO NA TULIPENDEZA."

Akasimama hapo hapo ngazini. Akasema jina zuri. Bila shaka ni zuri, nimelichagua mimi.

Jumatatu, 25 Mei

Kiwandani, na Muzdalifa safari hii. Nimemwambia Bosi Liang piano. Kontena zima. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Liang akaandika jina la chini ya mji, herufi kwa herufi, Muzdalifa akisimamia. Kisha akanionesha ukingo wa kitambaa, pale pembeni pa herufi ndogo. Kila kanga yangu tangu nianze biashara, hapo ukingoni pameandikwa MALI YA MAULID. Chapa yake ipo tayari, hana haja ya kuuliza. Aliuliza tu kwa adabu. "Sawa, kama zamani?"

Nilifungua mdomo kusema sawa. Na nikakiona kidole cha Lucinda kinaonesha hewani. Huyu ni mimi. Huyu ni mimi.

"Meiyou Maulid," nikamwambia. Hakuna Maulid. Nikachukua kalamu kwenye mfuko wake mmoja nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano, nikarudia mara mbili mpaka herufi zikakaa: IMECHORWA NA MUZDALIFA ABASS.

Bosi Liang akamtazama Muzdalifa, akamtazama tena, kisha akamsogezea yeye kiti, na mimi nikabaki nimesimama.

Jumamosi, 30 Mei

Wachina wanashindana kwa mitumbwi ya joka mtoni, na mvua inawamwagikia juu. Bi Odessa, Muzdalifa na mimi tulisimama darajani. Nimewaambia kwetu sherehe ya Mwaka Kogwa ni kubwa kuliko hii. Muzdalifa akatafsiri, akapunguza.

Alhamisi, 4 Juni

Eliakimu kasafiri. Nimempa doti ya majaribio, ile mpya yenye jina la Muzdalifa ukingoni, akapande nayo boti Dar aifikishe kwa Abass mkononi. "Usiiuze njiani," nikamwambia. "Nikipewa mke kwayo je?" akasema Msukuma huyo.

Jumatatu, 15 Juni

Kontena limefungwa. Mvua. Begi la Muzdalifa bado limefungwa pia, liko karibu na mlango.

Jumamosi, 20 Juni

Kimya Unguja. Muzdalifa anashuka mapokezi kila simu ikilia.

Jumatano, 24 Juni

Abass kapiga simu. Mara ya kwanza maishani hakupiga kelele, mpaka nikadhani laini mbovu.

"Hii kanga," akasema. "Mama yake kaivaa kwenda harusini. Wamemzunguka huko wakasahau bibi harusi. Sasa hapa ukingoni pana maandishi madogo. Nimetafuta miwani nikasoma. Muzdalifa Abass ni nani?"

"Wewe una Muzdalifa wangapi?"

 Nikasikia redio yao kule, na mtu anaponda kitu kwenye kinu.

"Na la kwako liko wapi?" akauliza. "Wewe unaandika jina lako hata kwenye ndoo."

"Halikuenea."

 Kisha kaka yangu akasema, "Ile kazi ya bandarini nimempa mtoto wa Pandu. Mwambie." Akataka kukata, akarudi. "Anavuta vipi hizo duara? Zimenyooka kama za mashine."

Nilimpa Muzdalifa simu amweleze baba yake mwenyewe. Nikapanda ngazi, nikalichukua begi mlangoni nikalirudisha juu ya kabati.

Ijumaa, 26 Juni

Mvua imekatika. Kuta zimekauka, kioo kinaonesha uso. Muzdalifa kakaa dirishani anachora nyingine, hataki kusema ni nini, na gilasi yangu ya chai kaiweka mwenyewe upande wa pili wa chumba.

Nimekaa na daftari hili nikaisoma tena siku ile ya simu, nikatafuta pa kutia chumvi. Sikupaona.